Karatasi Moja, Matokeo Tofauti: Utafiti Unasema Nini Kuhusu Mabadiliko ya Utendaji Hospitalini

Watumishi wengi wa afya wanaifahamu hali hii. Mwongozo mpya unaletwa kituoni kutoka ngazi za juu. Semina inafanyika kwa siku mbili au tatu, fomu zinagawanywa, na bango linabandikwa ukutani. Kwa wiki chache za mwanzo kila zamu hujaza fomu kwa ukamilifu. Miezi inapopita, fomu hujazwa mwisho wa zamu kwa kukisia, kisha hujazwa siku ya ukaguzi tu, na hatimaye hubaki kabatini. Mwongozo mwingine unapoletwa, watumishi hutazamana bila kusema neno, kwa kuwa wanajua utakavyoishia.

Wagonjwa nao huiona hali hiyo kutoka upande wao. Mgonjwa huulizwa jina lake na watu watatu tofauti kabla ya kuingizwa katika chumba cha upasuaji, na hakuna anayemweleza sababu. Au haulizwi kabisa, akabaki amelala juu ya kitanda cha upasuaji akijiuliza kama wanaomzunguka wanamfahamu.

Mara nyingi lawama huwekwa juu ya watu: watumishi ni wavivu, au viongozi hawafuatilii. Utafiti wa usimamizi na wa mabadiliko katika taasisi unatoa jibu lenye manufaa zaidi. Katika kipindi cha miaka isiyozidi 20 hospitali za mabara mbalimbali zimekuwa uwanja wa kujifunzia somo hilo, na mfano ulio wazi kuliko yote ni karatasi ya ukurasa mmoja ambayo sasa inajulikana katika vyumba vya upasuaji duniani kote.

Maswali 19 kwa upasuaji mmoja

Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilizindua orodha ya ukaguzi wa usalama wa upasuaji. Kazi ya kuiandaa iliongozwa na daktari wa upasuaji kutoka Marekani, Atul Gawande. Orodha hiyo ina vipengele 19, navyo vimegawanywa katika vituo vitatu. Katika kila kituo timu nzima husimama kwa muda mfupi na kuthibitisha mambo kwa sauti.

Kituo cha kwanza ni kabla ya dawa ya usingizi. Mgonjwa mwenyewe hutaja jina lake, aina ya upasuaji anaokwenda kufanyiwa na sehemu ya mwili inayohusika, na ridhaa yake huthibitishwa. Timu huhakikisha kwamba sehemu ya kupasuliwa imewekwa alama, kwamba mashine na dawa za usingizi zimekaguliwa, na kwamba kifaa cha kupimia oksijeni kimefungwa kidoleni na kinafanya kazi. Huulizwa pia kama mgonjwa ana mzio wa dawa, kama njia yake ya hewa inaweza kuleta matatizo, na kama kuna uwezekano wa kupoteza damu nyingi.

Kituo cha pili ni kabla ya kisu kugusa ngozi. Kila aliyemo chumbani hutaja jina lake na kazi yake. Jina la mgonjwa, aina ya upasuaji na mahali pa kukata huthibitishwa tena. Huulizwa kama antibiotiki ya kinga imetolewa ndani ya dakika 60 zilizopita. Daktari wa upasuaji, mtaalamu wa dawa za usingizi na muuguzi hueleza, kila mmoja kwa nafasi yake, jambo gani linaweza kwenda vibaya.

Kituo cha tatu ni kabla ya mgonjwa kutoka chumbani. Vifaa, sindano na vitambaa vya kufyonzea damu huhesabiwa. Sampuli iliyochukuliwa huandikwa jina la mgonjwa. Timu hutaja mambo muhimu ya kuangaliwa wakati mgonjwa anapozinduka.

Hakuna jambo geni hata moja katika orodha hiyo. Kila mhitimu wa udaktari au uuguzi ameyasoma hayo yote. Lakini kulijua jambo ni kitu kimoja, na kulitenda kila mara ni kitu kingine. Saa tisa usiku, katika upasuaji wa nne wa zamu, umeme ukiwa umekatika na kurudi, akili ya mtu aliyesoma vizuri huruka hatua ambayo mchana isingeiruka. Orodha iliwekwa kwa ajili ya saa kama hiyo.

Kati ya Oktoba 2007 na Septemba 2008 orodha ilijaribiwa katika hospitali za miji minane: Toronto, Seattle, London, Auckland, Amman, New Delhi, Manila na Ifakara nchini Tanzania. Watafiti walifuatilia wagonjwa 3,733 kabla ya orodha kuanza kutumika na wengine 3,955 baada ya kuanza. Matokeo yalichapishwa Januari 2009 na yakashangaza wengi. Vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi asilimia 0.8. Matatizo makubwa baada ya upasuaji yalishuka kutoka asilimia 11.0 hadi asilimia 7.0. Kwa hesabu rahisi, katika kila wagonjwa 1,000, vifo 15 vilipungua kuwa 8.

Jambo moja katika takwimu hizo halikusemwa sana. Watafiti walichagua hatua sita za usalama na kuangalia ni wagonjwa wangapi waliofanyiwa zote. Kabla ya orodha walikuwa asilimia 34.2, na baada ya orodha walikuwa asilimia 56.7. Maana yake ni kwamba hata katika hospitali zilizojitolea kushiriki, huku zikifuatiliwa kwa karibu, zaidi ya wagonjwa 4 kati ya 10 bado walikosa angalau hatua moja. Karatasi ilikuwapo chumbani, lakini matumizi yake yalikuwa bado safarini.

Ontario: karatasi ileile, matokeo mengine

Baada ya habari hizo njema, serikali na hospitali nyingi ziliamua kwamba orodha itumike mara moja. Jimbo la Ontario nchini Kanada lilikuwa miongoni mwao. Kuanzia mwaka 2010 hospitali za jimbo hilo zilitakiwa kutoa taarifa kwa umma kuhusu kiwango chao cha kutumia orodha, na taarifa zilizoletwa zilionyesha kwamba ilitumika karibu katika kila upasuaji.

Watafiti walilinganisha miezi mitatu kabla ya kila hospitali kuanza kutumia orodha na miezi mitatu baada ya hapo, katika hospitali 101 na upasuaji zaidi ya 200,000. Matokeo yalichapishwa mwaka 2014. Vifo vilikuwa asilimia 0.71 kabla na asilimia 0.65 baada. Matatizo ya upasuaji yalikuwa asilimia 3.86 kabla na asilimia 3.82 baada. Kitakwimu hapakuwa na tofauti ya kutegemewa.

Mjadala mkali ulizuka. Wengine walisema utafiti wa mwanzo ulikuza mambo, kwa kuwa ulilinganisha kabla na baada bila kundi la hospitali ambazo hazikupewa orodha, na hoja hiyo ina uzito. Wengine walisema Ontario ilikuwa na vifo vichache tangu mwanzo, na kwamba miezi mitatu ni muda mfupi mno. Hoja hiyo nayo ina uzito. Lakini swali lililowavutia zaidi watafiti wa usimamizi lilikuwa jingine: hospitali inaposema kwamba orodha imetumika, ni kitu gani hasa kilichofanyika chumbani?

Kisanduku kinaweza kuwekewa alama bila mtu yeyote kusimamisha alichokuwa akifanya. Muuguzi anaweza kusoma maswali kwa haraka pembeni huku daktari ananawa mikono na mtaalamu wa dawa za usingizi anavuta dawa kwenye bomba la sindano. Karatasi itaonyesha asilimia 100, na mgonjwa hatakuwa amepata lolote. Zaidi ya hayo atakuwa amepata hasara, kwa sababu kila mmoja sasa anaamini kwamba mwenzake amekagua.

Elimu ya mabadiliko ilikotoka

Suala la kwa nini watu huendelea na mazoea yao hata wanapojua njia iliyo bora lilichunguzwa zamani na Kurt Lewin, mwanasaikolojia aliyehamia Marekani kutoka Ujerumani mwaka 1933. Lewin alieleza kwamba desturi ya kundi la watu hukaa mahali ilipo kwa sababu kuna nguvu zinazoisukuma mbele na nguvu zinazoizuia, na pande hizo mbili zimelingana. Kiongozi akiongeza msukumo tu, kwa amri na vitisho, vizuizi navyo hukaza na mvutano huongezeka. Mara nyingi njia iliyo bora ni kupunguza vizuizi.

Orodha ya upasuaji inalionyesha wazo hilo vizuri. Inauliza kama kifaa cha kupimia oksijeni kimefungwa na kinafanya kazi. Katika chumba kisicho na kifaa hicho, swali hilo huwa dhihaka, na mtu akishazoea kuweka alama penye kitu kisichokuwapo, atafanya hivyo hivyo kwa swali linalofuata. Ndiyo sababu mwaka 2011 Gawande na wenzake walianzisha shirika la Lifebox, ambalo kazi yake mojawapo ni kufikisha vifaa hivyo katika hospitali zisizo navyo. Walikuwa wameona kwamba karatasi bila kifaa haitoshi.

Katika fasihi ya usimamizi kuna pia takwimu inayorudiwa katika semina nyingi, kwamba asilimia 70 ya juhudi za mabadiliko hushindwa. Mwaka 2011 msomi wa Uingereza, Mark Hughes, alifuatilia chanzo cha takwimu hiyo na kuonyesha kwamba haina ushahidi wa kuaminika nyuma yake. Kiongozi wa hospitali hana haja ya kukata tamaa kwa ajili ya namba hiyo. Swali lenye maana ni mabadiliko gani, mahali gani, na kwa njia gani.

Kueleza sababu na kuonyesha namna

Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2011, watafiti walizungumza na viongozi na watekelezaji wa orodha katika hospitali tano za jimbo la Washington nchini Marekani. Walitaka kujua kwa nini baadhi zilifanikiwa kuitumia vizuri na nyingine hazikufanikiwa. Tofauti haikutokana na ukubwa wa hospitali. Mahali ilipofanikiwa, viongozi walikuwa wamefanya mambo mawili kwa bidii: walieleza kwa nini orodha inatumika, na walionyesha kwa vitendo jinsi ya kuitumia. Mahali ilipodorora, watumishi walipewa karatasi na agizo, na hawakuelewa sababu wala namna.

Jimbo la South Carolina nalo lilijaribu njia ndefu zaidi. Hospitali zilialikwa kujiunga kwa hiari. Zilisaidiwa kuirekebisha karatasi ilingane na mazingira yao, kuijaribu na timu moja kabla ya kuisambaza, na kuzungumza na watumishi mmoja mmoja. Hospitali 14 zilikamilisha hatua zote. Katika hospitali hizo, vifo baada ya upasuaji wa wagonjwa waliolazwa vilishuka kutoka asilimia 3.38 mwaka 2010 hadi asilimia 2.84 mwaka 2013. Katika hospitali nyingine za jimbo hilo, vifo vilikuwa asilimia 3.50 na baadaye asilimia 3.71. Hospitali zilizojitolea huenda zilikuwa na ari zaidi tangu mwanzo, kwa hiyo matokeo haya yasichukuliwe kama uthibitisho wa mwisho. Hata hivyo yanakwenda sambamba na yale ya Washington.

Kurekebisha karatasi kuna maana kubwa kuliko inavyoonekana. Shirika la Afya Duniani lenyewe lilieleza kwamba orodha si kamilifu na kwamba hospitali zinahimizwa kuongeza na kubadilisha vipengele. Timu inapokaa pamoja kuamua swali lipi liongezwe na lipi liandikwe kwa maneno yaliyo wazi zaidi, karatasi huacha kuwa ya wizara au ya wafadhili, ikawa yao.

Sauti ya mdogo mbele ya mkubwa

Kati ya vipengele vyote 19, kimoja huonekana kama mchezo kwa wanaokisikia mara ya kwanza: kila mmoja ataje jina lake na kazi yake. Watu waliofanya kazi pamoja kwa miaka kumi huona haya kufanya hivyo. Lakini katika hospitali za rufaa na za kufundishia, chumbani huwapo mwanafunzi, muuguzi aliyehamishwa wiki iliyopita, na fundi wa mashine. Mtu aliyekwisha kusikika mara moja, hata kwa kutaja jina tu, hupata wepesi wa kusema tena anapoona hatari.

Amy Edmondson wa Chuo Kikuu cha Harvard alilifikia suala hili kwa njia ya mshangao. Katika miaka ya 1990 alichunguza makosa ya utoaji wa dawa katika wodi za hospitali, akitarajia kwamba timu zenye uongozi na mahusiano mazuri zingekuwa na makosa machache. Takwimu zilionyesha kinyume: timu nzuri ziliripoti makosa mengi zaidi. Baada ya kuchunguza zaidi, maelezo yaliyopatikana ni kwamba timu hizo hazikuwa lazima zikikosea zaidi, bali watu wake walikuwa huru kuyasema makosa. Katika wodi zenye hofu makosa yalifichwa. Mwaka 1999 alichapisha makala iliyoeneza dhana ya usalama wa kinafsi kazini, yaani imani ya wanatimu kwamba mtu hataadhibiwa wala kudhalilishwa kwa kuuliza swali, kukiri kosa au kutoa tahadhari.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Hospitali inayoficha makosa yake huumbuliwa vivyo hivyo, ila anayelipa gharama ni mgonjwa.

Katika jamii za Afrika Mashariki suala hili lina uzito wake wa pekee. Mdogo hufundishwa tangu utotoni asimkatize mkubwa, na adabu hiyo ni mali ya jamii, haifai kubezwa. Lakini ndani ya chumba cha upasuaji adabu ikigeuka kuwa ukimya, madhara humfika mtu ambaye amelazwa na hawezi kujitetea. Njia iliyo bora ni kuipa adabu nafasi ya kusema. Muuguzi anaweza kusema, “Daktari, samahani, naomba tuhakikishe kwanza: faili linasema upande wa kushoto.” Hajamvunjia mtu heshima. Daktari naye akijibu, “Asante, Sista, tuangalie picha tena,” amewafundisha wote waliomo chumbani kwa sentensi moja kuliko semina ya siku tatu. Akijibu kwa ukali, amewafundisha pia, na somo hilo litakaa kwa miaka.

Orodha hurahisisha jambo hili kwa sababu swali linakuwa la karatasi. Muuguzi hamsahihishi bingwa. Anasoma kipengele kinachofuata. Huu ndio msaada mkubwa wa chombo hiki kwa mtumishi wa ngazi ya chini: kinampa ruhusa ambayo cheo chake hakimpi.

Funzo kutoka wodi za watoto nchini Kenya

Jambo hili haliishii katika upasuaji. Kati ya mwaka 2006 na 2008, hospitali nane za wilaya nchini Kenya zilishiriki katika utafiti kuhusu matibabu ya watoto waliolazwa. Hospitali zote nane zilipewa miongozo ya matibabu na taarifa za utendaji wao. Nne kati ya hizo zilipewa semina fupi na taarifa za maandishi tu. Nyingine nne zilipata mafunzo marefu zaidi, ziara za usimamizi, mrejesho wa ana kwa ana, na mratibu ambaye alikuwa mtumishi wa hospitali hiyohiyo. Mratibu huyo hakuwa daktari bingwa aliyetoka mji mkuu. Alikuwa muuguzi au mtabibu wa ngazi ya diploma, aliyekuwapo kila siku kusaidia kutatua vikwazo vinapojitokeza.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2011. Baada ya miezi 18, dozi isiyotosha ya dawa ya gentamisini iliandikwa kwa asilimia 2.2 ya watoto katika hospitali zilizopata msaada kamili, na kwa asilimia 9.0 katika hospitali zilizopata karatasi na semina fupi. Uandikishaji wa dalili muhimu wakati wa kumlaza mtoto nao ulikuwa bora zaidi katika kundi la kwanza.

Miongozo ilikuwa ileile, na nchi ilikuwa moja. Tofauti kubwa ilikuwa kwamba upande mmoja palikuwa na mtu wa kuuliza, aliye ndani, anayejua kwamba mizani ya kupimia watoto imeharibika na anayejua nani wa kuombwa ili itengenezwe. Hilo ndilo ambalo Lewin angeliita kupunguza vizuizi.

Neno la tano: Shikilia

Nchini Tanzania, Wizara ya Afya kwa kushirikiana na Shirika la Maendeleo la Japani, JICA, ilianza mwaka 2007 kuingiza hospitalini utaratibu wa usimamizi uliotokana na viwanda vya Japani. Hospitali ya rufaa ya Mbeya ilikuwa miongoni mwa za kwanza. Watumishi wengi wanaufahamu kwa maneno yake matano ya Kiswahili: Sasambua, Seti, Safisha, Sanifisha, Shikilia.

Maneno matatu ya kwanza yanaweza kutekelezwa kwa wiki moja. Vitu visivyotumika huondolewa, vinavyobaki huwekewa mahali na lebo, na eneo husafishwa. Matokeo huonekana kwa macho, na picha hupigwa. La nne huhitaji makubaliano ya maandishi. La tano ndilo gumu, kwa kuwa halina siku ya kukamilika. Kushikilia maana yake ni kwamba muuguzi aliyeongoza kazi hiyo akihamishwa, anayempokea anakuta utaratibu unaendelea na anafundishwa siku ya kwanza. Maana yake pia ni kwamba mganga mfawidhi hupita wodini na kuuliza hata katika wiki ambayo hakuna mgeni kutoka wizarani.

Hapa ndipo mabadiliko mengi hufa. Hayafi kwa upinzani wa wazi. Hufa kwa uhamisho, kwa kumalizika kwa ufadhili, na kwa uzito wa kazi. Kituo chenye muuguzi mmoja kwa wagonjwa 40 hakiwezi kuongezewa fomu mpya kila robo mwaka bila kuondolewa fomu ya zamani. Kiongozi anayeleta jambo jipya ana wajibu wa kusema pia ni jambo gani litaachwa.

Mambo ya kuzingatiwa

Kwa viongozi wa vituo, utafiti huu unaelekeza kwenye hatua zinazowezekana hata penye bajeti ndogo. Sababu ielezwe kabla ya agizo, tena kwa mifano ya kituo chenyewe. Vifaa ambavyo karatasi inavitaja viwepo kabla karatasi haijabandikwa. Jaribio lianze na timu moja iliyo tayari, makosa yake yasahihishwe, kisha lipelekwe kwa wengine. Mratibu achaguliwe kutoka miongoni mwa watumishi na apewe muda katika zamu yake, asiongezewe tu mzigo. Ukaguzi ufanywe kwa kutazama kinachofanyika, si kwa kuhesabu fomu zilizojazwa.

Kwa watumishi, jambo la kwanza ni kutoweka alama penye hatua isiyofanyika. Kisanduku kitupu kinasema ukweli unaoweza kurekebishwa. Alama ya uongo humdanganya mwenzako anayekuja zamu inayofuata, naye atamtibu mgonjwa kwa kuitegemea. Jambo la pili ni namna ya kuwapokea wanaouliza. Kila mtumishi ana mtu aliye chini yake, hata kama ni mwanafunzi au mhudumu wa usafi, na jibu lake kwa mtu huyo hujenga ukimya au usalama.

Kwa wagonjwa na ndugu zao, kuulizwa jina mara kadhaa kabla ya upasuaji si dalili ya kuchanganyikiwa kwa watumishi. Ni kinga. Inafaa mgonjwa ajibu kwa ukamilifu kila mara, ataje mwenyewe upasuaji anaoujua na upande wa mwili, na aseme kuhusu mzio wa dawa hata kama ameshalisema wodini. Mgonjwa ana haki ya kuuliza, “Je, hapa mnatumia orodha ya usalama kabla ya upasuaji?” Swali hilo ni halali, na mtumishi mwenye kuielewa kazi yake atalipokea kwa furaha. Kwa mtoto mdogo au mgonjwa asiyeweza kusema, ndugu aliye naye awe sauti yake mpaka mlangoni.

Baada ya jaribio la miji minane, watumishi wa vyumba vya upasuaji vilivyoshiriki waliulizwa maoni yao. Karibu mmoja kati ya watano alisema orodha inachukua muda mrefu. Kisha wakaulizwa swali jingine: kama wao wenyewe wangekuwa wanapasuliwa, wangetaka orodha itumike? Asilimia 93 walijibu ndiyo. Kwa hiyo hata miongoni mwa waliolalamika walikuwamo wengi walioitaka kwa ajili ya miili yao. Kazi ya uongozi ni kuhakikisha kwamba kile ambacho mtumishi angekitaka kwa ajili yake mwenyewe, mgonjwa aliye mbele yake anakipata pia, mchana na saa tisa usiku.